Mayai ya Mama na Etha ya Chuo

Tulipokimbia mtaa wetu wa Carama, mama aliacha godoro akabeba kuku. Watu wakieleza vitu walivyookoa wakati wa vita, picha na vyeti, mimi namwona mama na kuku wake kwapani, miguu imefungwa kwa kitambaa, kichwa kinachungulia. Kwenye chumba tulichopanga mtaa wa Kanyosha, kuku yule ndiye aliyekuwa mali yetu yote. Mpango wa mama ulikuwa mmoja: jogoo wa jirani yupo, mayai hatuli, kuku atatamia, vifaranga watakua, nasi tutaanza upya.

Mimi nilikuwa nasoma kemia chuoni. Miaka ile ya vikwazo bidhaa haziingii nchini, na maabara yetu ilikuwa na chupa tupu nyingi kuliko zilizojaa. Mwalimu akatutangazia zoezi la mwisho: kutoa kolesteroli kwenye viini vya mayai, kila mwanafunzi aje na mayai yake. Asiyefanya zoezi hafanyi mtihani, na mwaka ule tulikuwa tumeshaurudia kwa sababu ya chuo kufungwa. Ningeweza kumwambia kwamba kwetu mayai hayaguswi. Niliona haya. Mama akanipa mayai ya kwanza kabisa bila kuuliza mengi.

Tulichemsha viini, tukaviponda, tukavipika tena na potasi ndani ya spiriti. Mafuta yanageuka sabuni, lakini kolesteroli haikubali kuwa sabuni, na hapo ndipo unapoikamata. Unamimina maji na etha, kimiminika chepesi kinachoyeyusha mafuta, unatikisa taratibu, unaacha itulie: sabuni inabaki chini na maji, kolesteroli inapanda juu na etha. Taratibu, mwalimu alisisitiza. Risasi zikaanza kusikika upande wa Gihosha, wote tukatazama mlango, nami nikatikisa kama mtu anayefukuzwa. Vyote vikashikana vikawa uji mzito usiotengana. Tukaamriwa turudi nyumbani kabla barabara hazijafungwa, na kazi yangu ikamwagwa.

Nilipomweleza mama, alicheka.

"We umesuka maziwa, mwanangu. Ulizani ni kibuyu ya siagi?"

"Mi niliogopa, mama."

"Na sasa?"

"Wanataka mayai ingine."

Akageukia kona ya kuku. Kuku alikuwa ameshaanza kutamia, siku chache tu. Asubuhi nilimkuta mama amepiga magoti penye kona, mkono uko chini ya kuku, kuku anamdonoa, naye anamwomba radhi kwa sauti ndogo.

"Mama, apana. Acha."

"Beba. Kuku atataga ingine. Mwaka yako, nani ataitaga?"

Nilikataa mara moja tu. Angenisikia kama ningekataa mara ya pili, namjua mama yangu, lakini nilinyoosha mikono nikapokea. Mayai yalikuwa bado yana joto.

Safari hii nilitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto. Etha ilipokauka, nikasafisha kilichobaki kwa spiriti, yakatokea magamba meupe yanayong'aa kama ya ndagala, dagaa wa kwetu. Kidogo nikakigeuza kwa dawa nyingine kikawa asetati, umbo lake jingine, nikapima joto la kukiyeyusha, kikayeyuka kwenye joto lilelile lililotajwa kitabuni. Kidogo kingine nikakidondoshea asidi kali, rangi ikapita wekundu na buluu, ikatua kwenye kijani, alama ya kolesteroli. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: kwa muda ule nilifurahi kabisa, na sikumkumbuka kuku wala mama.

Mwalimu aliniruhusu kuondoka na masalio. Nikayapeleka nyumbani kwenye kichupa, wadogo zangu wakasogea kuona.

"Iyi ndiyo ile mayai yote?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Inakuliwaka?"

"Apana."

Akakigeuzageuza kichupa kwenye mwanga wa mlango, kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mgeni wa heshima kitu chake. Afadhali angenigombeza.

Kuku aliendelea kulalia kiota kitupu, akawa hali vizuri, akakonda. Hata alipokubali kuinuka, hakutaga tena. Mama alisema ni chakula kidogo, ni makelele ya bunduki, ni ugeni wa Kanyosha. Alitaja kila sababu isipokuwa mimi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Niliporudi kutoka chuo, harufu ya mchuzi ilinipokea uani, na kabla sijaingia nilikuwa nimeshajua. Kona ya kuku ilikuwa imefagiliwa. Wadogo zangu walipewa shingo na supu, mimi nikawekewa paja.

"Kula," mama alisema. "Uyu ndiye alikusomesha."

Sikuweza kumtazama usoni. Lakini njaa nilikuwa nayo, na nyama ilikuwa tamu, nikala mpaka mfupa.