Damu Isiyoshuka

Mpima damu wa hospitali ya kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, huku Panda, hutembea kwa ncha za vidole kila akisimamisha mirija ya damu mezani. Hataki mtu aegemee meza, isije ikatikisika na kuharibu kipimo. Kwa saa nzima damu huachwa ishuke yenyewe ndani ya mrija, ikiacha maji juu. Ikishuka upesi, mwili bado unaugua. Nimeona maabara za miji mingi, ila ni yeye tu anayemketisha mgonjwa mbele ya damu yake, wasubiri pamoja, huku akipangusa miwani isiyo na vumbi.

Asubuhi ile alisubiri na Papa Damas wa kiwandani. Matokeo yakiwa mazuri, Damas angeruhusiwa kutoka kwenda kumwoza binti yake Jumamosi. Kumtuliza, mpimaji alimsimulia habari ya redioni: wataalamu wamepeleka damu angani, kusiko na uzito, wachunguze magonjwa.

“Kule yulu, papa, damu haishukake. Inaelea tu.”

“Basi munipeleke kule! Munganga atakosa sababu ya kunishika.”

“Na ndoa? Pombe nayo itaelea, bakwe bataifukuza na bikopo!”

Damas aliangua kicheko hadi meza ikatikisika. Mpimaji akaacha kucheka.

“Citoyen, umeharibu,” akasema kwa ukali, papa sasa akiwa “raia” tu. Kisha, polepole: “Hapana. Ni miye nimeharibu.”

Akatoa damu nyingine, wakaanza upya, kila mmoja akitazama ukuta wake, mabega yakitetemeka kwa kicheko walichokizuia. Saa ilipotimia, damu ilikuwa imeshuka kidogo tu.

“Enda uoleshe mutoto,” alinong'ona mpimaji, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. “Lakini utacheka ukifika inje. Humu iko damu ya benzako.”