Hewa ya nani?

Kisa hiki alinisimulia kwanza mama mdogo, Pasaka ya mwaka jana, nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo. Kila yeye na mumewe walipopita kwenye vumbi la barabara ya Kibumba, pumu ilimkaba mama mdogo ndani ya gari. Mumewe akanunua filta ya hewa, akafungua boneti, akaibadilisha mwenyewe pale kwenye injini. Kikohozi kikazidi. Akabadilisha tena, bure.

Jirani yao aliyekuja kulitazama gari akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, akachomoa nyuma yake filta nyingine, nyeusi kama makaa.

“Muzee, ile ulibadilisha ni ya moteri. Hii ndiyo ya watu.”

“Kumbe hewa ziko mbili?”

“Ndiyo, papa. Moteri inapumua muzuri. Ni mama ulisahau.”

Najiuliza kwa nini sisi wanaume tukitengeneza gari hatukumbuki kwamba ndani mna mtu. Wote watatu, mume, mke na jirani, wangali hai, ila filta ya watu sasa anaibadilisha mama mdogo.