Ndoo ya Walionuniana

Enzi zetu, watoto wakinuniana hawakuachwa hivyo hivyo. Ninyi mliokua wakati mmoja nami mnakumbuka jinsi siku nzima ilivyopita bila kusemezana kwa sababu ya bano ya kuchezea iliyopotea, au kiazi kitamu kilichogawanywa vibaya. Mimi na mdogo wangu Neema tulikuwa mabingwa. Mama hakuuliza nani mkosaji. Alitoa ile ndoo kubwa ya bati, akapitisha fito kwenye mshikio, akasema, "Nendeni kisimani. Mkirudi na maji pungufu, mnarudi tena."

Jaribu kubeba ndoo kwa fito na mtu usiyesemezana naye. Neema alikuwa mfupi, akakaa nyuma, na tulipopanda kilima ndoo ilimtelezea hadi kifuani, maji baridi yakamwingia ndani ya gauni. Alivumilia hatua kumi hivi, kisha akapiga kelele, "Dada, pole pole, maji yanamwagika!" Basi, ugomvi umeisha. Tulifika nyumbani tukicheka, harufu ya nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ikitupokea mlangoni, na Mama akijifanya hajaona kitu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili Neema asome. Tukinuniana, ni mimi niliyeitoa ndoo na kutuadhibu sote wawili.

Tulilelewa katika kundi dogo la ibada. Nyimbo zake nazipenda hadi leo. Jumapili tulijipaka mafuta hadi miguu ikang'aa, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Lakini aliyetoka kundini hakusalimiwa tena. Shangazi yetu alitoka. Tulipokutana naye njiani alituita kwa majina, nasi tukatazama ua wa watu kana kwamba kuna jambo pale. Neema alikuwa mdogo, alisahau, alitaka kumkimbilia. Mimi ndiye niliyemshika kidevu nikamgeuza uso.

Shangazi alipofariki nilikuwa nyumbani, likizoni kutoka kazini huku Qatar. Wazee wa kundi walituonya tusiende mazishini. Nilienda. Jumapili iliyofuata jina langu lilisomwa mbele ya watu kuwa nimetengwa na kundi, na Neema, ambaye alikuwa hapa Doha akifanya usafi hotelini, akaacha kupokea simu zangu.

Ni miaka miwili sasa. Kila Ijumaa nikiwa na mapumziko natoka Lusail, ninakolinda lango la jengo, napanda metro, natembea hadi mtaa wa Najma, nasimama karibu na duka lililo chini ya nyumba wanayokaa Neema na wenzake wa kazi. Neema ananiona, anageuza uso. Najua nani alimfundisha.

Vijana ninaofanya nao kazi wananicheka. "Mathe, si umbloki tu na maisha yaendelee?" Wao wakikosana asubuhi, kufikia chai ya saa nne wameshafutana kwenye simu, na jioni hawakumbuki kisa. Sisi hatukuwa na kitufe cha kumfuta mtu. Tulikuwa na ndoo.

Ijumaa iliyopita Neema alitoka dukani akikokota dumu la maji ya kunywa, yale makubwa ya kupindua juu ya mashine. Anakaa ghorofa ya tatu na nyumba haina lifti. Nilishika upande mmoja. Alisita, akatazama barabarani kama kuna mtu wa kundi, lakini hakuachia upande wake. Tulipanda ngazi, yeye nyuma kama zamani, hadi dumu likamtelezea kifuani.

"Dada, pole pole, maji yanamwagika."

Dumu lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya dukani. Halikuwa limetoa hata tone, na mikono yake ilikuwa mikavu.

Mlangoni alilipokea bila kunitazama, akaingia, akafunga. Nilibaki kwenye ngazi nikipumua. Zamani kisima kilikuwa mbali na kilima kirefu, nasi tulilalamika njia nzima. Hapa ni ghorofa tatu tu, na nilitamani ziwe kumi.