Mdomo wa Mama Lita

Mama Lita Dorsil alikuwa na kijicho. Mtaa mzima ulijua, na yeye alijua kwamba mtaa unajua. Alimwonea wivu jirani kwa kuwa kivuli cha asubuhi kiliangukia upande wake wa barabara. Aliuonea wivu mji mkuu kwa kuzichukua meli ambazo zamani zilitia nanga hapa kwetu, bandari ya Jakmel. Hata wafu hawakumponyoka. Akipita chini ya roshani za chuma za Mtaa wa Biashara, zile zilizoshushwa melini enzi za kahawa, aliwanunia matajiri waliokwisha kuoza makaburini, eti wao walipata kukaa kule juu wakipunga upepo wa ghuba, na yeye kazaliwa meli zimekwisha kwenda, ghala zimebaki na popo.

Lakini mkono alikuwa nao, usimpunguzie. Katika moja ya ghala hizo, pale magunia ya kahawa yalipokuwa yakirundikwa, alifinyanga udongo, akaupaka mafuta, akaubandika vipande vya karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya wanga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka. Kinyago kikikauka juani alikipaka rangi, na mbele yako anasimama kasuku, au shetani mwenye mabawa, au ng'ombe unayetaka kumkimbia. Kila karnivali, siku za vinyago na ngoma, bendi ya mtaa wa chini ilitoka ikiongozwa na kichwa kikubwa alichotengeneza yeye, na mchezaji aliyekivaa alionekana miguu tu. Mahali pale pa mbele palikuwa pake kama kiti cha jikoni kwake.

Ndipo kikaja kisa cha Sentaniz. Huyu alishuka kutoka milimani akiwa msichana, hajui hata kuchana karatasi, na Mama Lita, asiyejaliwa mtoto, alimfundisha kila kitu. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye karakana yake ng'ambo ya barabara, na wageni wanaokuja kuitazama bandari walisimama mlangoni kwake kupiga picha. Kwa Mama Lita walisimama pia, kuuliza njia ya kwenda kwa Sentaniz.

Baada ya Krismasi akaja Orès, kiongozi wa bendi, kofia mkononi.

"Hujambo, Mama Lita? Mzima?"

"Mzima. Sema kilichokuleta. Wewe hujawahi kutembea mpaka huku kuniuliza uzima."

"Mwaka huu tunacheza mji wetu na bandari yake. Na bendi imeamua, mama, kichwa cha mbele akitengeneze Sentaniz."

"Nani?"

"Umesikia, mama."

"Nimesikia. Nilikuwa nakupa nafasi ya kusema jingine."

Orès akaizungusha kofia. "Wewe tunataka utufanyie meli. Ile ya kahawa, yenye bomba la moshi. Kitu kikubwa. Itakuja nyuma ya..."

"Nyuma."

"Katikati."

"Orès mwanangu, kuna mbele na kuna nyuma. Katikati ni nyuma iliyopewa jina la kumbembelezea mjinga."

Alipoondoka, Mama Lita alikaa kitako juu ya mfuko wa saruji, roho ikamuuma hasa, maumivu ya kushikika kwa mkono. Mumewe, Mzee Veril, anayepuliza baragumu la mianzi katika bendi hiyo hiyo, alikuwa amesikia yote kutoka uani.

"Siku zote nasema, yule binti ana mkono," akasema.

"Ana mkono wangu."

"Basi furahi. Mkono wako umetangulia mbele, umebaki wewe tu."

"Veril, leo utakula hilo baragumu lako."

Na bado palikuwa na desturi ya kutimiza. Katika mtaa wetu anayeachia mahali pa mbele humpikia anayepokea sufuria ya kwanza ya gundi. Ndiyo baraka yake. Ukikataa, hutapita sokoni bila kusemwa. Na ndani ya gundi hiyo lazima liingie danzi, lile chungwa chungu, maganda na maji yake, limechemshwa likachemka. Panya wa maghala wanapenda wanga kuliko wanavyopenda roho zao, lakini danzi hawaligusi. Mtoto wa mtaa wa chini hujua hayo kabla hajajua sala.

Mama Lita alikoroga wanga. Madanzi mawili yalikuwa mezani, mekundu, yameiva. Akayatazama muda mrefu, kisha akayatia mfukoni mwa aproni. Alichukua kipande cha ganda tu, akakisugua ukingoni mwa sufuria ili harufu itoke. Alijua vizuri anachofanya. Yeye ndiye aliyemfundisha Sentaniz kuanza na mdomo, kabla ya macho na mashavu, na gundi ya kwanza ndiyo ingeingia mdomoni. Zilizofuata Sentaniz angepika mwenyewe, na danzi lake. Panya wangekula mdomo, na kichwa kisicho na mdomo hakiongozi bendi.

"Nimekuletea," akasema, akiitua sufuria mlangoni kwa Sentaniz.

"Mungu akubariki, mama. Nilidhani hutapika."

"Kwa nini nisipike? Mimi nina wivu?"

Sentaniz aliipokea kwa mikono miwili.

Majuma yaliyofuata Mama Lita hakuyaishi, aliyachungulia. Kichwa cha Sentaniz kilifunikwa shuka, na wenyeji tu waliruhusiwa kuinua pembe na kutazama. Waliingia kimya wakatoka wanacheka. Wakimwona Mama Lita upande wa pili walijifuta nyuso na kuharakisha. Wananicheka mimi, akasema moyoni, wanacheka nilivyoshuka. Akaipiga meli yake makofi kama imemkosea. Ilikuwa meli nzuri, bomba lake limeinama kidogo kwa hasira, na Mama Lita alimuuliza kila aliyeisifu, "Ukilinganisha na cha Sentaniz?" mpaka watu wakaacha kuisifu.

Jumamosi, mkesha wa bendi kutoka, jua halijakaza, Sentaniz alikuja mbio, kilemba mkononi.

"Mama, njoo. Panya wamekula."

Na Mama Lita alifurahi. Tusimpambe. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, akavuka barabara akiwa ameubana uso ili isionekane.

Shuka lilikuwa limetolewa. Kichwa kilikaa juu ya meza, kikubwa kupita pipa: kilemba cha manjano kimefungwa upande kama anavyofunga yeye, kovu juu ya nyusi ya kushoto, chunjua karibu na pua. Kutoka shavu hadi shavu, mahali pa mdomo, palikuwa na tundu lenye kingo za meno ya panya.

"Ni nani huyu?" akauliza, ingawa kovu lake mwenyewe angelijua hata gizani.

"Orès alitaka tajiri wa kahawa mwenye kofia ndefu," akasema Sentaniz. "Nikamwambia matajiri waliondoka na meli zao. Nitengeneze aliyebaki."

Mama Lita akashika ukingo wa meza. Ile furaha ilikuwa bado kifuani, na sasa hakujua aipeleke wapi.

"Mdomo ulikuwaje?"

"Ulikuwa unacheka. Kama siku ile nilipovaa kichwa cha ng'ombe kinyume nikatumbukia mtaroni."

"Nilicheka?"

"Ulicheka mpaka ukakaa chini, mama."

Mama Lita hakuikumbuka siku hiyo hata kidogo. "Utengeneze tena," akasema. "Jua lipo."

"Utengeneze wewe. Midomo yangu yote nimejifunza kwako."

Mama Lita akapika gundi mwenyewe, danzi tele mpaka macho yakamwasha. Akachana karatasi, akaanza kuuinua mdomo pembeni. Ukaanguka. Akauinua tena, ukaja wa mtu anayeng'olewa jino. Akaomba kioo, akajitazama, akajaribu kucheka, na kilichomtazama kutoka kiooni hakikuwa cha kubandika popote. Mkono uliokwisha kutengeneza mashetani na kasuku wa miaka yote haukuijua njia ya kicheko chake. Na jua lilikuwa linakwenda. Mwishowe akafanya mdomo anaoujua, umebinuka, umekaza, pembe moja imeshuka chini kidogo. Vidole vilikwenda vyenyewe, havikukosea popote. Ulikuwa mdomo bora kuliko yote aliyowahi kuitengeneza, na alipoutazama aliona haya.

Jumapili bendi ikatoka. Kichwa kilipochomoza karakanani mtaa ukaporomoka kwa kicheko.

"Mama Lita! Ni yeye mwenyewe!"

"Tazama mdomo, jamani, tazama mdomo!"

"Huyo ananiambia mimi nimesimama kwenye kivuli chake."

Walikuwa wanacheka kwa mapenzi, na yeye akiwa nyuma kando ya meli yake alisikia mapenzi hayo yakipita juu ya kichwa chake kwenda mbele. Veril alishindwa kupuliza baragumu, anajifuta machozi. Orès akamshika Sentaniz bega mbele ya watu wote.

"Nimeona vichwa katika mji huu, lakini mdomo kama ule sijauona. Mama Lita mwenyewe asingeuweza."

Sentaniz akageuka akamtazama Mama Lita, ambaye ingekuwa rahisi kwake kukaa kimya na kutembea. Lakini sifa ile ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine, tena sifa ya kazi yake, na hilo Mama Lita hakuwahi kuliweza maishani.

"Mdomo nimeufanya mimi," akasema kwa sauti.

Orès akacheka. "Wewe tena, mama?"

"Mimi. Jana. Muulize."

"Kwa nini ufanye mdomo wa kichwa cha mwenzio?"

"Wa kwanza uliliwa na panya."

Kicheko kikafifia. Watu wa mtaa wa chini hawahitaji kuelezwa habari za panya. Orès akauliza taratibu, "Panya hula gundi yenye danzi?" Na kila mtu akakumbuka ni nani aliyepika sufuria ya kwanza.

Mama Lita alitazama mawe ya barabara. "Sikutia," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Kutukanwa kungekuwa nafuu. Veril aliliteremsha baragumu lake akalishika kama fimbo. Sentaniz ndiye aliyesogea karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilijua, mama. Niliilamba siku ile ile uliyoileta. Haikuwa na danzi."

"Ukaitumia?"

"Ningemwaga baraka yako, mama?"

Mama Lita akamtazama binti aliyempokea hajui kuchana karatasi, akamwonea wivu kwa moyo ule, kitu ambacho hakuwahi kumfundisha. Orès akainua mkono, ngoma zikaanza upya. Kichwa kikatangulia kuelekea bandarini, kimenuna, na Mama Lita akakifuata.