Pipa la Nyuma ya Jiko

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia pipa la mama. Mwaka wa kipaimara changu, chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kutugawia dawa za shambani, na za dukani bei yake ilikuwa haishikiki. Basi mama akajitengenezea yake: mkojo wa ng'ombe wetu wa zizini, majivu, pilipili na majani ya utupa, ule mmea unaoua wadudu, yaliyotwangwa. Vilioza humo wiki mbili, kisha vikachujwa na kuzimuliwa kwa maji, la sivyo vingeunguza mboga. Kukoroga ilikuwa kazi yangu, asubuhi na jioni.

Kinyaa! Ukifunua tu, nzi wanakupiga usoni, funza wanaelea juu ya povu, na harufu inakuingia mpaka kwenye mate. Nilisugua mikono kwa sabuni, wapi! Kwenye mafundisho ya kipaimara, msichana niliyekaa naye benchi moja alisogea, akaziba pua kwa kitabu cha nyimbo.

Kabichi za mama, lakini, hazikuwa na kiwavi hata mmoja. Alizipanda kwa ajili ya sherehe yangu, na alishawatangazia majirani wasilete mboga.

Siku mama alipoteremka sokoni, nikalimwaga pipa lote migombani. Nikajaza mkojo wa ng'ombe wa asubuhi ile, nikatupia majani ya utupa juu. Mkojo mbichi haunuki sana. Mama alirudi amebanwa na mafua.

"Nimeshachuja na kuongeza maji, mama," nikamwambia.

"Ubarikiwe, mwanangu." Akachovya fagio la majani, akaanza kunyunyiza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne. Kabichi zilikauka kama zilizopitiwa na moto. Mama akaenda kwenye pipa, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akatema, akanitazama, akalifunika pipa.

Jioni tulikwenda kwa jirani kuomba kabichi. Yule jirani akacheka.

"Si ulisema tusilete?"

"Nilikosea kuchanganya dawa," mama akamjibu. "Nimezeeka sasa."

Nilisimama nyuma yake nimeshika kapu, mikono yangu ikinukia sabuni tu, nikajionea kinyaa.