Kurasa Nne Nilizozilalia

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: "Unaweza kukaa kimya?" Nkajibu naweza. Uongo mtupu. Kikwajuni nzima, mtaani kwetu, inanijua mie mtu wa mdomo, na hasira zangu haziko mbali.

Aliyeuliza ni Mkuu wa chumba chetu kilichoko mtaa wa Amani, chumba kinachotengeneza vitabu vya wanafunzi wasioona. Mie niliajiriwa kufagia na kubeba maboksi. Kwenye meza ya dirishani alikaa Bi Zuwena, mhakiki wetu. Kila ukurasa uliotoka ulipita kwenye vidole vyake kwanza, naye haoni tangu utotoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Miguu yako mizito, mwanangu. Usikanyage karatasi. Na kitabu cha humu usikilaze. Vya humu husimama."

Nkasema moyoni, mama huyu ana mambo yake. Kumbe ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi. Wadogo zangu mnaosoma haya, maandishi ya nukta nundu ni vijinundu kwenye karatasi nene. Herufi moja ina nafasi za nukta sita, na kidole hujua hii herufi gani kwa jinsi zilivyopangwa. Ukirundika vitabu kimoja juu ya chenzake, uzito unaponda vijinundu vya chini. Kwa macho utaona kitabu kizima. Kwa kidole kimekufa.

Kozi sikwenda. Nilijifundisha kwa kurasa zilizokosewa, nazifunga pamoja na kwenda nazo nyumbani. Nilianza na kibao na sindano. Unadidimiza nukta kwa nyuma ya karatasi, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Wengine kiliwatoa jasho, lakini mie miaka yote ya chuoni, kwenye Kurani, niliandika Kiarabu, mkono ukaijua njia wenyewe. Halafu nkaingia kwenye mashine ya vitufe sita, wenyewe wakishakwenda kula. Siku moja Bi Zuwena akapitisha kidole kwenye ukurasa, akasita.

"Nani kaandika huu?"

"Mie, Bi."

"Umekosea mistari mitatu." Akanyoosha mkono. "Lete mwengine."

Basi ndivyo nilivyopanda cheo.

Mdomo ukaniponza mapema. Afisa wa Vifaa alirundika maboksi ya vitabu mpaka darini kwenye ghala la Kiembe Samaki, nkampigia kelele mbele ya watu: "Vitabu umeviua!" Akanijibu, "Weye mfagiaji ndiye wa kunifundisha kazi?" Mkuu alituita sote wawili. Akaniambia, "Haji, haki unayo, adabu huna. Nenda ghalani ukavisimamishe mwenyewe." Nilikaa huko miezi, nasimamisha vitabu kimoja kimoja. Nawaambieni haya ili mjue kwamba nililolifanya baadaye sikulifanya kwa kutojua.

Niliporudi Amani ndipo nilipomjua Mwanaidi, msichana wa Makunduchi, haoni, kichwa chake chepesi kama wembe. Alikuwa sekondari na kitabu cha hesabu hana. Si kwamba kimepotea, hakijawahi kutengenezwa. Baba yake alikuja naye mpaka chumbani kwetu, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mie sikatai kusoma," akasema. "Lakini kitabu hakuna. Anakaa darasani kufanya nini? Bora arudi nyumbani akasuke ukili wa mikeka na mama yake. Vidole anavyo."

Bi Zuwena akamwambia yule baba, "Nipe muhula mmoja tu. Kisipoonekana kitabu, mchukue."

Muhula ule ndipo kamati ya waheshimiwa wawakilishi ilipokubali kutusikiliza. Tulikuwa tunaomba jambo moja: mashine ya kuchapa, ili vitabu vya sekondari vitoke. Kwa vitufe sita, kitabu kimoja cha hesabu kingetumaliza mwaka. Bi Zuwena akaandika hotuba yake mwenyewe, kurasa nne za nukta nundu. Mie nkapiga nakala za wino za waheshimiwa. Ilikuwa masika, kila kitu kina unyevu, nakala zikajikunja.

Mkuu akaziangalia. "Hizi karatasi au sambusa? Ndizo za kuwapa waheshimiwa?"

Nkapandwa na hasira. Nkaichukua bahasha nzima ya hotuba nkenda nayo kwetu, nkaiweka chini ya godoro, kama tunavyonyoosha suruali ya sikukuu. Nkailalia. Asubuhi nakala zimenyooka kama zimepigwa pasi, na mie najisifu njia nzima.

Kwenye kikao Bi Zuwena aliitwa jina, akasimama, nkampa kurasa zake. Zilikuwemo ndani ya bahasha ile ile. Akaweka kidole juu kushoto, akakipeleka kulia. Akarudi mwanzo. Akageuza ukurasa wa pili. Akaniinamia.

"Haji. Umezifanya nini?"

"Nimezilalia, Bi."

Sijawahi kutamani kupotea duniani kama dakika ile. Mie, niliyemtukana mtu kwa kurundika maboksi.

Bi Zuwena akainua uso. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi. Nyinyi mna maandishi mikononi. Mie yangu yamepondeka, siwezi kuyasoma."

Mheshimiwa mmoja, wala hakukusudia ubaya, akasema, "Si kijana wako akusomee tu, Bi?"

Nkasimama. Nilishafungua kinywa. Bi Zuwena akanishika kanzu akanivuta chini. "Kaa, Haji." Halafu akamjibu taratibu, kama anayemjibu mwanawe.

"Anaweza, Mheshimiwa. Na mwanafunzi wangu Mwanaidi naye husomewa. Mwenzake akiwa na nafasi, humsomea. Akiwa hana, mwalimu anaandika hesabu ubaoni na Mwanaidi anasikiliza chaki. Mie leo nimekosa kurasa nne, nanyi nyote mmeona haya kwa ajili yangu. Yeye amekosa kitabu kizima, na kesho atakwenda tena darasani kusikiliza chaki."

Akakaa. Hotuba nzima ndiyo hiyo. Mheshimiwa yule akaomba moja ya kurasa zile, akapitisha kidole chake, halafu akaomba aonyeshwe ukurasa mzima ulivyo. Nkamtolea mmoja kwenye mkoba wangu. Akazigusa zote mbili kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hili tutalibeba." Wallahi sikuamini. Lakini walilibeba. Mashine ilikuja, na baba yake Mwanaidi akasubiri.

Pamoja na mashine ikaja barua kwamba mwendeshaji lazima awe na cheti. Mkuu aliniita, akaisukuma barua mbele yangu. "Haji, kazi unaijua kuliko sote. Cheti huna." Niliwaka, siwafichi. Niligonga meza yake. Halafu nkatoka nkamkuta Bi Zuwena ana karatasi za mwanzo za kile kitabu cha hesabu, anahakiki, midomo inacheza. Nkakaa chini nkamsaidia mpaka ikaisha juzuu ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho pale; mashine alipewa mwenye cheti, mie nkaondoka.

Sijazeeka, mvi sina, lakini kazi niliyoipenda nimeshaiacha, na aliyeacha kazi ana haki ya kusema. Nawaambieni vijana wenzangu, jifundisheni, lakini na cheti kitafuteni. Na nawaambia waheshimiwa, kwa adabu aliyonifundisha Bi Zuwena: kitabu kimoja cha wino huwa juzuu nyingi za nukta nundu, na hesabu haziishii juzuu ya kwanza. Iliyobaki haijatoka. Karatasi nene zimekwisha. Mlilibeba, msilitue njiani.

Juzuu ile niliipeleka Makunduchi mwenyewe, nimeisimamisha mapajani safari nzima. Mwanaidi akaifungua pale pale barazani, juu ya jamvi, mama yake kaacha ukili kumtazama. Alisoma hesabu ya kwanza kwa sauti, akaisoma tena, halafu akaendelea kimoyomoyo, vidole vinakwenda.

Alipomaliza, baba yake akaipokea juzuu kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. "Hiki kitu cha thamani," akasema, "hakikai ovyo." Akaingia nacho ndani. Kwa mlango uliokuwa wazi nkamwona anainama, ananyanyua godoro.

Kabla sijapiga kelele, Mwanaidi alikwishasikia mbao za kitanda zinalia.

"Baba," akaita, "hicho hakilaliwi. Kisimamishe."