Kunguru Hawakuonja

Tuliokuwepo uwanja wa Gungu jioni ile nawataja wote, maana wengine hawana tena mtu wa kuwataja. Alikuwepo bibi yangu Nyabenda, mama yake baba, ameketi juu ya kanga yake mbele kabisa. Alikuwepo mama yangu Asteria, na baba yangu Misago aliyesimama nyuma na wanaume wenzake. Tulikuwepo mimi Bukuru na pacha wangu Butoyi, mimi wa kike, yeye wa kiume. Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, hakuna kuhangaika kutafuta majina. Alikuwepo Spesiosa, binti wa kaka yake bibi, aliyekuja kwa mtumbwi akiambaa ufukwe kutoka Burundi mwaka ule wakimbizi walipoingia kwa wingi, pamoja na binti yake Daforoza, umri wetu. Na alikuwepo Zakaria, mtoto mkubwa wa jirani yetu Mzee Kabogo, amepanda juu ya ukuta ili aone kuliko sisi. Wote tulitoka Kibirizi kwa miguu na wote tulinuka dagaa. Mpaka leo nikipata harufu ya dagaa wanaokauka juani siioni picha ya ziwa. Naona shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili, na gari la sinema linanguruma.

Lazima nieleze jinsi tulivyoishi, la sivyo mtadhani bibi yangu alikuwa mtu wa makuu. Miaka ile watu walitazamana. Mtu akipita njiani na lafudhi ya ng'ambo anaulizwa ametoka wapi, anakwenda kwa nani, na huyo nani anamjua tangu lini. Wakimbizi nao walitutazama sisi vilevile. Spesiosa alipofika kwetu hakula kitu chochote mpaka bibi atie kidole kwenye bakuli na kulamba mbele ya macho yake. Hakuna aliyechukia. Huku kwetu, na kwao pia, anayekupa kinywaji anaanza yeye kukionja. Wao wanasema gusogongera. Ukimpa mtu kibuyu cha pombe ya ndizi bila kukigusa mdomoni kwako, umemtukana, au umemtilia kitu. Siku za amani ilikuwa adabu tu, mtu aligusa kibuyu kwa ncha ya mdomo akapitisha. Siku zile ikarudi kuwa kitu cha kuokoa roho. Daforoza alikuwa akimkodolea bibi macho mpaka amwone amemeza, na bibi alikuwa akimfumbulia mdomo amwonyeshe ulimi mtupu. Ndipo mtoto anacheka, ndipo anakula.

Sasa hiyo sinema. Kwanza walituonyesha mambo ya kilimo, jembe na mbolea, watoto tukapiga kelele. Kisha ikaja katuni. Hatukuwa na neno hilo, sisi tuliita michoro inayotembea. Alikuwa bata mdogo mwenye kaptura, peke yake kwenye tope, hana rafiki. Wakaja kunguru watatu, mmoja ana kofia. Wanacheza, wanaruka, wanapigana mabega. Bata naye anataka kucheza. Yule mwenye kofia akamtolea kiko. Bata akatikisa kichwa. Kunguru wote wakageuka, wakampa mgongo, na muziki ukawa wa huzuni. Bata akawafuata, akatolewa kiko tena, akakataa, akapewa mgongo tena. Mwishowe akakipokea, akavuta. Moshi ukatoka miviringo miviringo, shingo yake ikarefuka, akaota manyoya ya kupendeza, akaruka juu na kunguru wakambeba mabegani. Wale ndege walisema lugha tusiyoijua, lakini mtu wa gari alikuwa na kipaza sauti, akatangaza, "Haya watoto, bata amekuwa mkubwa! Bata amepata marafiki!" Tulishangilia uwanja mzima. Butoyi alisimama akapunga mikono kama mwenye mabawa.

Bibi hakushangilia. Nilimsikia akimwambia Spesiosa, "Umeona? Kunguru hawakuonja." Spesiosa akajibu, "Nimeona, shangazi. Hata mmoja." Nyuma yetu wanawake wengine wa ng'ambo walikuwa wakinong'onezana hilohilo. Basi taa ya gari ilipowaka, yule mtu akashuka na boksi, akapita kwa wanaume akimgawia kila mmoja sigara, bure kabisa, na kicheko juu. Baba akaipokea. Bibi akamuuliza mbele za watu, "Misago, huyo mwanamume unamjua?" Baba akasema hamjui. "Ameivuta yeye kwanza?" Wanaume wakaangua kicheko, na mmoja akasema, "Mama, hii ni sigara, siyo uji wa mzazi!" Njia nzima ya kurudi Kibirizi bibi aliongea peke yake. Picha wamewapa watoto, sigara wamewapa baba zao, na gari ni moja. Gari hilo lilikuwa la nani hatukujua. Wapo waliosema la serikali, wapo waliosema la wauza sigara. Bibi alisema, "Lolote litakalokuwa, mimi sitaki kujua limetoka wapi. Nataka kujua lilikuja kuchukua nini."

Kabla wiki haijaisha kila mtoto Kibirizi alikuwa na kiko. Unachukua gunzi la mahindi, unalitoboa kwa msumari wa moto, unachomeka bua la jani la mpapai, basi. Mwanzoni tulitia maji ya sabuni tukapuliza mapovu. Halafu Zakaria akaleta tumbaku aliyoipata kwa wapagazi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia mizigo, akaanza kukusanya watoto nyuma ya mitumbwi iliyofunikwa, mahali wazee hawaoni. Butoyi aliitwa siku ya kwanza. Tulikwenda mimi, yeye na Daforoza. Zakaria alikuwa amejipatia kofia, sijui aliiokota wapi. Alimtolea Daforoza kwanza kwa sababu ni mgeni. Daforoza akatikisa kichwa. Zakaria akasema, "Mkimbizi anaogopa moshi! Kwenu nyumba zote si zimeungua?" Wakacheka, kisha wakageuka wote, wakampa mgongo, na aliposogea wakasogea mbele zaidi. Daforoza akashika ndoo yake akaenda kuteka maji. Mama akaniita na mimi nikaondoka. Butoyi akabaki, akimtazama Daforoza anavyokwenda peke yake ufukweni, na akitazama migongo ile. Nilipogeuka nilimwona anaisogelea.

Baada ya hapo dagaa wa mama wakaanza kupungua. Ninyi mnaoanika juu ya vichanja hamjui, lakini zamani tulitandaza mchangani, na mwanamke alijua tuta lake kama anavyojua shuka la kitanda chake. Likichotwa pembeni anaona. Mama aliona. Hakusema kwa sauti. Alianza kuzisemesha sufuria ili sisi tusikie. "Zamani tulikuwa tunaanika, tunakuta." Kesho yake, "Nyumba ikiwa na watu wengi, macho nayo yawe mengi." Spesiosa anasikia, anazidi kuinamisha kichwa na kufagia ua. Akaacha kugusa dagaa kabisa, hata akiombwa ageuze, akaona heri abebe kuni kichwani tangu asubuhi. Mama akaligeuza na hilo. "Mbona wifi yangu siku hizi anaogopa dagaa? Mtu haogopi kitu ambacho hakukitenda." Jioni moja tukamsikia akimwambia baba kwamba gari la kuwapeleka wakimbizi makambini linapita, na kwamba si vibaya wale wawili wakaandikishwa. Baba akasema, "Ni mtoto wa mjomba wangu, Asteria." Mama akasema, "Na dagaa ni wa nani?" Daforoza alikuwa amelala ubavuni kwangu kwenye mkeka. Alikuwa macho. Alinishika mkono.

Kesho yake mchana bibi alimwita Butoyi amtoe mwiba mguuni. Butoyi akainama, kichwa chake karibu na pua ya bibi. Bibi akavuta pumzi ndefu. Akamshika sikio, si kwa nguvu, akauliza, "Mjukuu wangu, tumbaku hii imeota kichwani au imepandwa?" Butoyi alikana, akaapa, kisha akaona mama anakuja na Spesiosa yuko mlangoni na mzigo wa kuni, akalia. Akasema yote. Zakaria haombi pesa, anataka dagaa, kila anayevuta anamletea dagaa mfukoni, naye anawapelekea wapagazi wanampa tumbaku nyingine. Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Bibi akasema, "Mimi sikukufundisha? Siku ya sinema hukunisikia? Kitu usichoonjewa hupokei!" Na Butoyi, machozi na makamasi, akamjibu kitu ambacho sijakisahau. "Lakini bibi, Zakaria anaonja. Kila siku anaanza yeye."

Mnielewe: sheria hiyo ndiyo iliyomlisha Spesiosa, ndiyo iliyomrudishia Daforoza usingizi. Na mimi pia nilikuwa nimeona ni sawa, maana Zakaria kweli alikuwa akivuta kwanza, kwa heshima zote, anafuta bua kwa kiganja, anapitisha. Bibi alimwachia sikio. Kisha akauliza polepole, "Na asiyetaka, wanamfanyaje?" Butoyi akainamia miguu yake. Daforoza akajibu, akiwa nyuma ya mama yake, "Wanampa mgongo." Bibi akapiga kofi paja lake. "Ego, ndiyo! Na wale kunguru ndivyo walivyofanya. Nilikuwa natazama midomo yao, kumbe nitazame migongo." Akamwambia Butoyi aende sasa hivi, mchana huohuo, aseme hataki. Asitukane, asimtaje mtu, aseme hataki tu, kisha asimame aone. "Wakikuacha ukae nao, rudi uniambie mimi ni mzee mpumbavu, na nitakununulia kofia."

Alikwenda. Nilimfuata nikajificha nyuma ya mtumbwi wa Mzee Kabogo. Nilisikia akisema hataki. Zakaria akasema, "Bukuru kakupiga marufuku? Bibi kakupiga marufuku? Nenda basi ukanyonye." Na wakageuka, mmoja mmoja, wavulana aliolala nao, aliooga nao ziwani tangu tunazaliwa. Butoyi akabaki amesimama. Akangoja. Akasogea mguu mmoja, nao wakasogea. Alirudi nyumbani bila kofia. Mpaka mvua zilipoanza hakuwa na mtu wa kucheza naye isipokuwa mimi na Daforoza, na Daforoza ndiye aliyemtangulia kumchokoza. "Karibu ukimbizini," alimwambia, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile Butoyi akacheka.

Mama alimuuliza Spesiosa kwa nini hakusema, maana Daforoza alishamwona Butoyi akijaza dagaa kwenye kaptura. Spesiosa akasema, "Ningesema nini, wifi? Nimtaje mtoto wa nyumba inayonilaza?" Jioni mama akakoroga uji wa mtama, akatia sukari iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya sikukuu, akamletea kwa mikono miwili. Akainua bakuli aonje kwanza. Spesiosa akamwahi, akalichukua mikononi mwake, akanywa yeye kabla mama hajagusa. Mama akalia kwa sauti, na Spesiosa akafuta mdomo akaendelea kunywa. Nimewaza sana juu ya bakuli lile. Labda alikuwa amemsamehe. Labda alikuwa amechoka tu kuogopa, au alitaka mama ajue uzito wa kumdhania mtu. Hawakuandikishwa wakati ule. Walikaa kwetu mpaka mavuno, wakaondoka na wengine kwa lori, na Daforoza alimwachia Butoyi kile kindoo chake.

Leo naishi Bangwe kwa binti yangu. Mjukuu wangu Neema ana simu ya mama yake, na ndani ya simu kuna katuni mchana kutwa, si kama zamani tulivyongoja gari. Rangi zinaumiza macho. Juzi nilivaa miwani nikakaa karibu naye. Walikuwa samaki wadogo wanakunywa kitu kinachong'aa kwenye chupa, wakinywa wanakuwa na nguvu, wanacheza, wanakunywa tena, na tena. Nilitazama midomo: wote wanaonja. Nikatazama migongo: hakuna mgongo hata mmoja, wote wameelekea kwetu wanacheka. Nikamuuliza, "Neema, yule aliyekataa yuko wapi?" Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha kichaa. "Bibi, hakuna aliyekataa." Nikasema lazima yupo. Akasema, "Wote wanapenda, bibi." Mama yake anasema nina shaka za kizee, kwamba ni maji ya matunda tu. Huenda. Lakini bata wetu angalau alitikisa kichwa kabla hajavuta, na watoto tukamwona anavyotikisa, tukajua kwamba kichwa kinatikisika. Neema ataliona wapi hilo? Siku hizi nakaa naye, na samaki wakinywa mimi namtikisia kichwa. Anacheka. Jana na yeye alitikisa.

Butoyi yuko hai, anakaa Ujiji, Jumapili anakuja kwa bodaboda. Alirudia kuvuta ukubwani alipokuwa kuli bandarini, akaacha, akarudia, akaacha, na kifua chake sasa kinapiga filimbi. Nilimsomea haya. Amekubali yote ila moja. Anasema kunguru mwenye kofia alionja. Anasema aliweka kiko mdomoni, kidogo tu, kabla ya kumpa bata, naye alimwona kwa macho yake, na kwamba bibi alikuwa ameketi chini sana hakuona vizuri. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mimi namkumbuka bibi akisema hawakuonja, na Spesiosa akiitikia. Lakini mimi nilikuwa namtazama bata. Basi wewe uliyekuwa uwanja wa Gungu jioni ile, au mama yako, na hasa wewe Daforoza ukiwa popote: kama nimekosea jina la mtu nisahihishe, na kama kunguru yule alionja niambie, nimwombe pacha wangu radhi.